Jicho la Kulia

Jumanne, pale Ligula, walimtoa mtoto wa jicho,
la kulia. La kushoto limepangiwa Novemba,
korosho zikishalipwa.
"Nimejifungua uzeeni," akamwambia nesi,
"na mtoto mwenyewe hata sikuonyeshwa."

Jumatano wakabandua pamba.
Mama mkubwa Asumini akatazama ukuta,
akatazama kiganja chake, mbele na nyuma,
akanitazama mimi: "Kumbe na wewe umezeeka."
Kisha akavaa miwani nyeusi ya daktari.
"Nipeleke Mikindani. Nikatazame.
Jicho hili nimelilipia."

Miaka tisa ameiona dunia kupitia tui.
Sasa anasimama mbele ya kila mlango
kama karani wa mirathi, anahesabu:
misumari, maua ya mti, minyororo iliyochongwa pembeni,
roshani iliyobaki na nguzo mbili, ya tatu imeliwa na mchwa.
Mizizi imepanda ukutani, imeshika dirisha
kwa vidole vya mtu anayeogopa kuanguka.
"Hii nyumba nilikuwa naipita nikidhani ni kichaka."

Kijana wa kutembeza wageni, Bakiri Nampunju,
ana miaka yote kichwani: Mjerumani lini, Mwarabu lini,
nani alilala ghorofa gani akiumwa homa.
"Miaka utanipa baadaye, mwanangu," akamkatiza.
"Masikio yangu hayakuwa na ugonjwa."

Chumba cha makumbusho kina feni moja isiyozunguka.
Mtungi. Bao lililopungua kete. Sarafu zenye tai.
Na juu ya meza, nyuma ya kamba,
mbuzi ya nazi, imelazwa ubavu,
na kikaratasi: *Kifaa cha jadi. Kilitumika zamani.*
"Zamani ipi?"
Bakiri akatazama karatasi, karatasi haikumjibu.
"Wangu uko uvunguni. Juzi nimekunia."
Akavuka kamba. Akaishusha, akaisimamisha,
akakaa, magoti huku na huku, akapapasa meno ya chuma:
"Butu. Mmemnyima nazi mpaka amezeeka."
Bakiri akacheka mpaka akashika ukuta,
kisha akanipa kalamu. Nikafuta neno moja,
nikaandika: *Bado.*

Soko la watumwa lilikuwa la mwisho.
Siku hizi wanauza humo picha za rangi na vikapu.
Hakufanya mzaha. Akavua miwani.
"Ndipo hapa?"
"Hapa, bibi."
Hospitalini walimpima kwa ile herufi yenye meno matatu,
kwa kuwa hakusoma: meno yanatazama wapi?
Naye akijibu kwa mkono, juu, chini, kushoto.
Sasa akasimama katikati ya vikapu,
akatazama tao moja, akatazama tao la pili,
na bila kuulizwa na mtu
mkono wake ukainuka, ukaelekea majini,
ukabaki huko.
Muuza vikapu akaacha kutupangia bei.

Nje, nikakumbuka dawa: tone moja kila saa sita.
Akaketi kwenye baraza ya watu tusiowajua,
akainua uso. Tone likaingia,
na mengine, ambayo sikuyatia, yakashuka shavuni.
"Dawa hiyo," akasema, kabla sijauliza.

Pale kona akaomba ming'oko.
Mwenye beseni akamchagulia, akanyunyiza chumvi na pilipili,
akafunga gazeti upesi.
Mama mkubwa akafungua gazeti.
Akainua mmoja juani, mwembamba kama kidole cha mtoto,
akaugeuza mbele ya jicho jipya,
akamtazama mwenye beseni, muda mrefu:

"Somoe. Miaka tisa yote
ulikuwa unaniuzia hivi?"